Ratiba ya Siku na Sauti ya Dola: Redio ya Taifa ya Burundi, 1960–2015

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya redio ya taifa ya Burundi kupitia jambo ambalo wanahistoria hulipita haraka, yaani ratiba ya kawaida ya siku. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya redio hiyo haikujengwa na matangazo ya mapinduzi, bali na mazoea ya vipindi vya kila siku. Mazoea hayo ndiyo yaliyowafanya wananchi waisikilize katika saa ya hatari, na ndiyo yaliyoufanya ukimya wake uogopeshe.

Utangulizi

Matangazo ya redio yalianza mjini Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1960, chini ya utawala wa Ubelgiji na miaka miwili tu kabla ya uhuru. Baada ya jamhuri kuundwa, kituo hicho kilikuja kuitwa Sauti ya Mapinduzi, kisha kikaingizwa katika shirika la umma la RTNB, ambalo liliongeza televisheni mwaka 1984. Kwa zaidi ya miongo mitatu hapakuwa na redio nyingine nchini yenye uzito wa kuilinganisha nayo. Tafiti nyingi huitaja kama chombo cha watawala. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi: chombo kisichosikilizwa hakina faida hata kwa mtawala.

Siku ya kawaida

Siku ya redio ya taifa hupangwa kwa lugha kabla ya kupangwa kwa mada. Kirundi, lugha ya nchi nzima, kina chaneli yake. Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza hugawana nyingine. Mgawanyo huo ni sera ya lugha inayosikika. Kifaransa kilirithiwa kutoka ofisini na shuleni. Kiswahili kilitoka mitaani, hasa Buyenzi na Bwiza, na kiliwafikia pia wasikilizaji wa nje ya mipaka kandokando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira na wa Kigoma. Kiliongezewa wasemaji na wakimbizi waliorejea kutoka Tanzania, ambao watoto wao walikulia makambini na katika makazi ya huko.

Ndani ya lugha hizo hufuatana taarifa ya habari, mashauri ya kilimo na afya, vipindi vya vijana, muziki, michezo na matangazo ya vifo. Matangazo ya vifo yanastahili uzito wa pekee. Warundi wengi huishi wametawanyika vilimani, si katika vijiji vilivyosongamana. Kabla ya simu za mkononi kuenea, familia iliyofiwa Bujumbura ilikuwa na njia chache za kuwaita ndugu wa Kirundo au Ruyigi mazishini, na redio ilikuwa ya haraka kuliko zote. Mtu aliyeidharau hotuba ya rais hakuweza kulidharau tangazo lililoweza kumtaja mjomba wake. Hivyo ndivyo sauti ya dola ilivyoingia nyumbani kama sauti ya ukoo.

Siku zilizovunja ratiba

Historia ya mapinduzi ya Burundi ina sadfa inayofundisha. Novemba 1966, Michel Micombero alimpindua Mfalme Ntare V akiwa Kinshasa. Septemba 1987, Pierre Buyoya alimpindua Jean-Baptiste Bagaza akiwa Quebec. Mei 2015, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumwondoa Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam. Kiongozi anapokuwa nje ya nchi, anayeishika redio ndiye anayeonekana kuishika nchi.

Tofauti ya mwaka 2015 iko hapo. Tangazo la Niyombare lilipitia redio binafsi, wakati askari watiifu kwa rais waliendelea kulilinda jengo la RTNB. Mapigano makali yalitokea kulizunguka tarehe 14 Mei, na jaribio likashindwa. Katika siku hizo mbili, majengo ya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance yalishambuliwa na matangazo yao yakakatika. Wananchi wakabaki na sauti moja, kama zamani.

Oktoba 1993 ilionyesha upande wa pili. Wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, redio ya taifa ilinyamazishwa, na baadhi ya mawaziri wakalazimika kusema kupitia redio ya Rwanda. Ukimya ulikuwa habari yenyewe. Mauaji yalienea mikoani huku uvumi ukishika nafasi ya taarifa, na kuanzia 1994 redio ya siri ya Rutomorangingo ikaitumia nafasi hiyo kueneza chuki.

Kuijenga upya siku

Jibu lililodumu halikuwa hotuba. Mwaka 1995 ilianzishwa Studio Ijambo, iliyowaweka waandishi Wahutu na Watutsi kufanya kazi pamoja. Haikuwa na mtambo wake. Vipindi vyake vilirushwa na vituo vingine, ikiwamo redio ya taifa. Kuanzia 1997 mchezo wa Marie-Louise Sibazuri, *Umubanyi Niwe Muryango*, ulisimulia maisha ya majirani wawili wa makabila tofauti. Nguvu yake ilitokana na kurudi kwake wiki baada ya wiki, katika ratiba ileile iliyowazoesha watu kusikiliza matangazo ya vifo. Jirani aliingia mahali palipokuwa pa ukoo.

Hitimisho

Mambo mawili yanawahusu watunga sera. Kwanza, ratiba na kanda za vipindi vya kawaida zihifadhiwe kwa uangalifu uleule wa hotuba za marais, kwa kuwa ndizo ushahidi wa uhusiano wa dola na raia wake. Pili, tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepewa sababu mpya ya kusikika; lakini lugha inayoishia kwenye taarifa ya habari hubaki mgeni. Itakuwa ya nyumbani pale mkulima atakaposhauriwa kwayo, na mfiwa atakapoitwa kwayo mazishini. Imani ya msikilizaji huwekwa akiba katika siku ambazo hakuna kinachotokea, na hutumika katika siku ambayo kila kitu kinatokea.