Kutawa na Kurudi: Kimya katika Nchi ya Wazigua

Wengi hudhani ya kuwa mafungo ya kimya, yaani kujitenga na watu kwa siku kadha ili kuiamsha roho, ni desturi ya kigeni iliyofika Afrika ya Mashariki pamoja na wamisionari. Historia ya Uzigua, nchi yenye Kwedizinga na vijiji vingine vya Handeni na Korogwe, yakanusha dhana hiyo.

Kabla ya misikiti na makanisa, Wazigua waliijua maana ya kutengwa. Msichana aliyevunja ungo alitawishwa ndani, akafundwa na wanawake wazima, asionekane na watu wa nje. Siku ya kutolewa alipokewa kwa ngoma, akahesabiwa kuwa mtu mzima mwenye wajibu wake. Kutawa kwake hakukuwa na maana pasipo kurudi huko.

Uislamu, ulioingia bara kwa njia za misafara iliyotoka Pangani na Saadani, ulileta itikafu. Katika kumi la mwisho la Ramadhani mwenye kuitia nia hukaa msikitini, akifuata mwendo wa Mtume. Humo kimya si sharti. Ulimi huepushwa na porojo za dunia ili upate kusoma Kurani na kumtaja Mungu. Mwezi uandamapo hurudi kwa jamaa zake, na kabla ya sala ya Idi zaka ya fitri hutolewa, maskini naye asikose chakula siku hiyo.

Njia ya tatu ni utawa wa Kikristo. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hata kufa kwake mwaka 1924, alianzisha mwaka 1911 shirika la masista wa Mateso Matakatifu. Masista hao, walioishi kwa kanuni ya sala na kimya, waliwauguza wagonjwa huko Kwamkono, Handeni. Weston mwenyewe aliwaonya Wakristo waliokutanika London mwaka 1923 kwamba ibada yao mbele ya altare ni bure ikiwa hawamhurumii Kristo katika maskini wa mitaani.

Tofauti haifichiki: mwali hakuulizwa, bali mwenye itikafu na sista walichagua. Lakini hatari ni moja kwa wote wajitengao, nayo ni kuyafanya mafungo kuwa maficho ya kukwepa wajibu. Masista wa kigeni waliondoka Tanzania mwaka 1991, wakiwaachia kazi watawa wa Kiafrika wa Chama cha Mariamu Mtakatifu, kilichoanzishwa Masasi mwaka 1946. Basi kimya hupimwa mlangoni, mtu atokapo: je, amerudi kwa watu akiwa na la kuwapa, au amerudi vile vile alivyoingia?