W iko wapi? Kibodi ya mchezaji wa Rumonge
Kijana wa Rumonge akichagua kibodi ya mekanika kwa michezo ya kompyuta huulizia mlio na ugumu wa vitufe. Swali zito zaidi ni la kihistoria: W iko wapi?

Ubelgiji iliitwaa Burundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, ikaitawala hadi 1962. Kifaransa kilichobaki ofisini kilikuja na mpangilio wake wa herufi, AZERTY. Kigoma, kusini zaidi kwenye ufuko uleule wa ziwa, ilirithi kwa Waingereza QWERTY, mpangilio uliouzwa kwanza Marekani kwenye taipureta za Remington miaka ya 1870.

Miaka ya 1990 Mmarekani Dennis Fong, bingwa wa Quake, alieneza mtindo wa kutembea kwa vitufe vya WASD. Kwenye AZERTY, W imezama safu ya chini. Mchezaji hushika ZQSD, mchezo ukimruhusu. Wengine hushauri kung'oa vifuniko na kuvibadilishana. Ushauri huo nauona nusu tu: katika kibodi nyingi za mekanika kila safu ina mwinamo wake, na kifuniko cha W kikipandishwa safu ya juu hakilingani na wenzake.

Mimi ningechukua QWERTY, na si kwa ajili ya mchezo pekee. Kiswahili na Kirundi huihitaji W kila mstari. Kifaransa huiazima tu. Lakini ofisi tutakazoomba kazi bado zina AZERTY, na vidole hufuata kibodi vinayochezea kila jioni.