Idara za Masomo Pembezoni mwa Kitisuru: Mtaala wa Shule za Upili Magharibi mwa Nairobi tangu 1925

Kitisuru ni mtaa wa magharibi mwa Nairobi, kati ya Barabara ya Peponi na Barabara ya Lower Kabete, katika ardhi ambayo enzi za ukoloni ilifunikwa na mashamba ya kahawa ya walowezi. Mtaa wenyewe hauna shule nyingi za kale, lakini umepakana na Kabete, na kilomita chache kutoka hapo zilianzishwa taasisi kadhaa za elimu ambazo kila moja ilikuwa na orodha yake ya masomo na dhana yake kuhusu mtu ambaye masomo hayo yangemzaa. Idara ya masomo, yaani kitengo cha shule kinachowaweka walimu wa masomo yanayokaribiana chini ya mkuu mmoja, siku hizi huchukuliwa kuwa suala la ratiba na bajeti. Katika eneo hili la Nairobi mipaka ya idara iliwekwa kwanza na siasa ya rangi na ardhi, na athari yake ilidumu muda mrefu baada ya siasa hiyo kushindwa.

Taasisi ya kwanza ya kuzingatiwa haikuwa shule ya upili, ingawa bila kuielewa haiwezekani kueleza shule za upili zilizofuata. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones wa Marekani na ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo msomi James Aggrey wa Gold Coast, ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza kwamba Waafrika wapewe elimu iliyolinganishwa na maisha ya kijijini: kilimo, usafi, afya na kazi za mikono, kwa mfano wa vyuo vya Hampton na Tuskegee vilivyosomesha Wamarekani weusi. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kwa msaada wa fedha za shirika la tajiri wa Marekani Andrew Carnegie, ikaitwa kwa jina la Anna T. Jeanes, mwanamke wa Philadelphia ambaye mali yake iligharamia walimu wa shule za vijijini kusini mwa Marekani. Mkuu wake wa kwanza, James Dougall, alikuwa katibu wa tume hiyohiyo. Mwalimu aliyechaguliwa alikuja na mkewe na watoto, wakaishi katika nyumba ndogo yenye shamba lake, naye mke akafundishwa malezi na usafi wa nyumba huku mume akijifunza kilimo na namna ya kuzisimamia shule ndogo za misheni ambako angerudishwa. Ulikuwa mpango uliofikiriwa kwa makini, na baadhi ya mbinu zake, hasa ile ya kumfundisha mwalimu ndani ya maisha ya familia yake, zastahili heshima hata leo. Ubaya wake ulikuwa katika ubaguzi wa watu waliokusudiwa, kwa kuwa jembe liliwekwa kuwa somo la watu wa rangi moja katika nchi ambayo ardhi bora ya jembe hilo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na watu wa rangi nyingine.

Tofauti hiyo ilijitokeza wazi mwaka 1931, wakati Shule ya Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, ilipofunguliwa papo hapo Kabete kwa ajili ya wavulana wa Kizungu peke yao, katika majengo yaliyobuniwa na Herbert Baker, msanifu mashuhuri wa milki ya Uingereza. Shule hiyo iliiga shule za bweni za Uingereza, na masomo yake yaliwaandaa wavulana kwa vyuo vikuu, jeshi na utawala. Kati ya ncha hizo mbili ilikuwako Shule ya Upili ya Alliance, iliyoanzishwa Kikuyu mwaka 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, ambayo mwanzoni ilichanganya masomo ya darasani na useremala na kilimo, kisha polepole, na hasa chini ya Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeiongoza kuanzia 1940 hadi 1962, ikaelekea kwenye mtihani uleule waliofanya Wazungu.

Wazazi wa Kiafrika walikuwa wamekwisha kuutambua mtego wa elimu ya kazi za mikono. Shule huru za Wakikuyu, zilizoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, zilidai Kiingereza na elimu ya vitabu kwa sababu wazazi waliona ni nani aliyeshika kalamu katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Mbiyu Koinange, aliyeongoza chuo cha walimu cha Githunguri kilichoanzishwa mwaka 1939, alikuwa amesoma Hampton kwenyewe, katika chimbuko la elimu ya kazi za mikono, na baadaye Chuo Kikuu cha Columbia. Mtu huyo aliyeujua mfano wa Phelps-Stokes kutoka ndani alijenga chuo kilichokataa kuwafungia Waafrika ndani ya mfano huo, na serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho wakati wa Hali ya Hatari ya enzi za vita vya Mau Mau.

Mtihani uliotamaniwa ulikuwa Cheti cha Shule cha Cambridge, ambacho kilitolewa kwa mkumbo, yaani mtahiniwa alipaswa kufaulu kundi zima la masomo pamoja na Kiingereza, na aliyeanguka Kiingereza alikosa cheti hata kama alifanya vizuri katika hisabati. Sharti hilo lilizipanga idara kwa vyeo: Kiingereza kilikaa juu, hisabati na sayansi zikafuata, historia na jiografia zikaja baada ya hizo, nayo masomo ya ufundi yakabaki kwa wale ambao shule ilikwisha kuwakatia tamaa. Dharau dhidi ya karakana, ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa hulka ya wazazi wa Kenya, ilikuwa hitimisho la busara walilolitoa wazazi hao baada ya kuona Jeanes na Prince of Wales zikikaa jirani.

Baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na mwanajiografia Simeon Ominde, iliyoteuliwa mwishoni mwa 1963, ilipendekeza mfumo mmoja wa elimu kwa watoto wote badala ya mifumo ya rangi. Madaraja ya shule yaliunganishwa haraka kuliko yaliyomo katika masomo. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, lakini kwa miaka kadhaa idara ya Kiingereza iliendelea kusomesha fasihi ya Uingereza kana kwamba fasihi nyingine hazikuwapo. Mabadiliko makubwa yalianzia chuoni, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipoandika mwaka 1968 kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na mahali pake pashikwe na idara inayoiweka Afrika katikati. Hoja hiyo ilifika shule za upili Septemba 1974, katika mkutano wa walimu wa Kiingereza na fasihi ulioandaliwa na Idara ya Fasihi ya chuo hicho pamoja na wakaguzi wa Wizara ya Elimu, na mahali palipochaguliwa palikuwa Nairobi School, katika viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya wana wa walowezi. Mkutano ulitaka mwanafunzi aanze na fasihi simulizi, yaani ngano, methali, nyimbo na vitendawili vya watu wake, kisha apanue duara hadi Kenya, Afrika Mashariki, Afrika nzima na watu weusi wa ng'ambo, ndipo afike Ulaya. Yote hayakukubaliwa na wizara, lakini fasihi simulizi iliingia katika silabasi, na hakuna tukio jingine lililobadilisha idara moja ya masomo nchini kwa kina kama hilo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1976, Kitisuru yenyewe ilipata Shule ya Kimataifa ya Kenya, kando ya Barabara ya Peponi katika shamba la zamani la kahawa, chini ya udhamini wa pamoja wa balozi za Marekani na Kanada. Wakati huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kuweka makao yake Nairobi, na mji ulikuwa na watoto wengi wa wanadiplomasia waliohitaji masomo yanayotambulika popote wazazi watakapohamishiwa. Diploma ya Kimarekani ambayo shule hii hutoa husimama juu ya krediti, yaani kipimo cha saa zilizotumiwa katika somo, ambacho asili yake ni kizio cha saa 120 kwa mwaka kilichowekwa na Wakfu wa Carnegie mwaka 1906; hivyo jina la tajiri ambaye fedha zake ziliigharamia Jeanes lilifika eneo hili kwa njia mbili tofauti kabisa. Diploma ya Baccalaureate ya Kimataifa, ambayo shirika lake liliundwa Geneva mwaka 1968 na ambayo shule hii huitoa pia, humtaka mwanafunzi asome masomo sita kutoka makundi ya lugha na fasihi, lugha ya pili, watu na jamii, sayansi, hisabati na sanaa, angalau matatu kati yake kwa kina zaidi, na juu ya hayo aandike insha ya utafiti ya maneno 4,000. Mfumo huo unamzuia mtoto kuacha sayansi au lugha mapema, jambo ambalo kidato cha tano na cha sita cha mfumo wa Kiingereza kiliruhusu.

Shule za serikali zilifika kwenye mapana kama hayo kwa njia nyingine. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya shule ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu), ulioanza mwaka 1985 na kutoa watahiniwa wake wa kwanza wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa shule ya upili, mwaka 1989, ulifuta kidato cha tano na cha sita na kurudisha kilimo, useremala, sayansi kimu na elimu ya biashara kwa wanafunzi wa kila kabila na tabaka. Kiswahili, ambacho ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976 ilikuwa imependekeza kifundishwe kwa lazima, hatimaye kilitahiniwa kwa wote, na idara ya lugha ikapata mhimili wa pili wenye karatasi za insha, lugha na fasihi. Wazazi walijenga karakana kwa harambee, nyingi zikakosa vifaa na walimu, na idadi ya masomo ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi utaratibu wa angalau masomo saba: Kiingereza, Kiswahili na hisabati, sayansi mbili, somo moja la jamii au dini, na moja la hiari.

Mtaala wa umilisi ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 umepanga sekondari ya juu, inayoanzia darasa la kumi, katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Shule zimegawanywa kati ya zile zinazoweza kutoa mikondo yote mitatu na zile za mikondo miwili, na mkondo unaokosekana katika shule za miwili ni ule wa sanaa na michezo, ambao hudai vyumba vya muziki, studio, viwanja na walimu waliosomea fani hizo. Nairobi School, yenye viwanja vipana ilivyorithi kutoka 1931, iko katika nafasi nzuri ya kuvitimiza vigezo hivyo, ilhali shule ya kutwa iliyojengwa kwa harambee hulazimika kuomba fedha za wazazi upya kabla ya mwanafunzi wake kuweza kuchagua muziki.