Chokaa, Boriti na Matumbawe: Kilichozidumisha Nyumba za Mawe za Pwani

Husemwa mara nyingi kuwa miji ya kale ya Waswahili imedumu kwa sababu ilijengwa kwa mawe. Kauli hiyo ni nusu ya habari. Jiwe la matumbawe lina matundu tele, hunyonya unyevu na chumvi, na ukuta wake umejazwa vipande visivyo na umbo, vikishikwa na chokaa na udongo. Ukiupima kwa ugumu peke yake, ukuta huo ni dhaifu. Kilichoudumisha ni mfumo mzima: vifaa vinavyoelewana, na desturi ya kuukarabati kila vizazi vinapopokezana.

Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbuzi wa mwanaakiolojia Mark Horton ulifunua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti, katika karne ya 8, ya baadaye ikiwa ya mawe. Mafundi walijifunza kidogo kidogo. Matumbawe mabichi ya baharini, ambayo ni laini yakiwa na maji na hukaza yakikauka, waliyachonga kwa ajili ya mihrabu na fremu za milango. Mawe ya nchi kavu wakayaweka kwenye kuta nene. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki nafasi kubwa, vyumba vya Lamu na Zanzibar vikawa virefu na vyembamba. Mti ndio uliopima nyumba. Juu ya boriti zikapangwa mawe, kisha sakafu ya chokaa ikashindiliwa hadi ikakaza. Hata hivyo majengo hayo hayakuwa na kinga ya milele: sehemu iliyoongezwa kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14 iliporomoka, ikajengwa upya katika karne ya 15. Kwangu mimi huo si ushahidi wa udhaifu. Jengo lililoweza kuinuliwa tena kwa vifaa vya palepale ndilo jengo la kudumu.

Chokaa ndiyo roho ya mfumo huu. Huruhusu unyevu uliopanda kutoka ardhini utoke nje, na plasta ikichakaa hubanduliwa na kupakwa nyingine bila kuumiza jiwe. Saruji hufanya kinyume. Ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe huufungia maji ndani. Chumvi hula kiini chake, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza zisionekane. Mwenye nyumba huona ukuta mpya, mzuri, mgumu, kumbe ametibu ngozi na kuudhuru mwili.

Wako watakaopinga wakisema kwamba nyumba hizi zilikuwa za waungwana tu, na hoja hiyo ina nguvu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliuona mji wa mbao, na hadi leo watu wengi wa pwani wanaishi katika nyumba za udongo na fito. Pingamizi zito zaidi ni la mazingira: tanuri la chokaa lilikula kuni nyingi, matumbawe yalivunjwa baharini, na mikoko ilikatwa pia kwa ajili ya majahazi yaliyoipeleka Ghuba ya Uajemi. Kuchoma chokaa nako hutoa hewa ya ukaa, ingawa sehemu yake hurudi kwenye plasta inapokauka na kukaza. Ni kweli. Ndiyo sababu siwashauri vijana waanze kuchimba miamba ya bahari. Lakini nyumba iliyokwisha kusimama haihitaji mwamba mpya. Inahitaji chokaa kidogo, paa lisilovuja na fundi anayeujua ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar una maelfu ya kuta za namna hiyo, na kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, mnamo Desemba 2020, kumeonyesha wazi kuwa kuingia kwa mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia hakuzibi paa. Mafunzo ya kuchoma, kulowesha na kupaka chokaa yastahili kuingizwa kwenye vyuo vya ufundi vya pwani, na bei ya chokaa kupewa ruzuku kwa wapangaji na wamiliki wasio na uwezo, kwa sababu saruji huwavutia kwa kupatikana dukani siku hiyo hiyo, ilhali chokaa nzuri hudai miezi ya kulowekwa.