Singeli: muziki wa kompyuta uliotoka uswahilini hadi kwenye podikasti

Msikilizaji wa Kiswahili aishiye Likuni, pembezoni mwa jiji la Lilongwe, au katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, akifungua podikasti ya Ulaya inayocheza muziki wa elektroniki wa wasanii huru, huenda akashtuka kuisikia lugha yake mwenyewe. Mtangazaji atautambulisha wimbo kwa Kiingereza kama ugunduzi mpya, atastaajabia kasi yake, kisha atapita bila kugusia unasema nini.

Muziki huo ni singeli. Chimbuko lake ni mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, katika sherehe za mtaani, hususan vigodoro, ambavyo hukesha hadi alfajiri. Ma-DJ walichukua vipande vya ala vya taarabu, wakavirudiarudia na kuvikimbiza, huku MC akighani juu yake kuhusu mapenzi, umbea, kodi ya nyumba na ukata. Mapigo yake hufika 200 hadi 300 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100.

Neno “ugunduzi” lina walakini. Msaga Sumu na Man Fongo walikuwa tayari na wafuasi wengi Tanzania kabla ya Ulaya kusikia chochote. Kilichobadilika mwaka 2017 ni njia ya kusafiri: Nyege Nyege Tapes, lebo huru yenye makao yake Kampala, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za vijana wa studio ya Sisso iliyopo Mburahati. Mwaka 2018 zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Poaa ya Bamba Pana, mwaka 2019 Uingizaji Hewa ya Duke, na mwaka 2022 Mr Mixondo ya DJ Travella. Asiyejua Kiswahili huliona jina kama Tatizo Pesa kuwa pambo tu la jalada. Anayekijua ameshaelewa habari nzima kabla ngoma haijaanza, na hapo ndipo msikilizaji wa Dzaleka anapomzidi mtangazaji.

Kwa wenye asili ya Kongo, Kampala ina jina jingine la kufuatilia: Rey Sapienz, mtayarishaji aliyetoka mashariki mwa nchi hiyo, ambaye vita vilimfanya abaki Uganda. Mwaka 2021 kundi lake, The Congo Techno Ensemble, lilitoa albamu ya Na Zala Zala. Dzaleka yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1994 na yenye wakazi wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, si ngeni kwa majukwaa: tamasha la Tumaini limekuwa likifanyika humo tangu 2014.

Kikwazo kikubwa ni bando. Kipindi cha saa moja kilichorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58. Kikiwa cha kilobiti 64, hula nusu ya hapo. Kukisikiliza moja kwa moja mtandaoni mara tatu ni kulipia bando mara tatu. Programu nyingi za podikasti huruhusu kukipakua mara moja, penye Wi-Fi, na kukirudia bila intaneti.

Katika maelezo ya kipindi, mara nyingi huwepo orodha ya nyimbo pamoja na dakika ambapo kila wimbo unaanza. Jina la msanii linakiliwe herufi kwa herufi, kwa kuwa majina haya huandikwa kwa namna nyingi na herufi moja ikikosewa huweza kumpeleka mtu kwa msanii mwingine. Jina la lebo nalo lisiachwe: lebo huru hutoa wasanii wanaokaribiana, hivyo wimbo mmoja uliopendeza hufungua kabati zima.

Kazi nyingi za lebo hizi hupatikana Bandcamp, ambako mtu husikiliza kwanza kisha akanunua. Mtandao huo hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, kando ya gharama za malipo, na kinachobaki huenda kwa msanii au lebo. Hulipwa kwa kadi au PayPal, kwa hiyo wasio na akaunti ya benki huenda wakalazimika kumwomba ndugu aliye nje awalipie. Faili ikishanunuliwa hupakuliwa na kuhifadhiwa kwenye simu au kadi ya kumbukumbu.