Tupa Ndani ya Mkate: William Blake, Muhamadi Kijumwa na Riziki ya Mshairi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mlango wangu hauishi kubishwa hodi. Mwaka huu alikuja mama mmoja na mwanawe. Kijana aliniamkia, akaketi ukingoni mwa mkeka, daftari lake kapakata. Mama hakuzunguka: "Mwalimu, huyu ana mambo mawili tu, kuandika mashairi na kuchora. Mwambie achague kazi ya watu. Mashairi yatamlisha nani?"

Niliomba daftari. Lilikuwa na tungo, na pembeni mwa kila ubeti kijana alichora maua na majani kwa kalamu ya wino, kazi safi ya mtu asiye na haraka. Kidole chake cha shahada kilikuwa na doa la wino ambalo sabuni haikuliondoa. Nikawakumbuka wazee wawili waliokuwa na madoa kama hilo, nikamjibu mama kwa kisa chao. Naandika hapa nilichomwambia siku ile, pamoja na yale niliyoyafikiri baada ya wageni kuondoka.

Wa kwanza ni William Blake, mshairi wa London aliyezaliwa mwaka 1757 na kufariki mwaka 1827. Wa pili ni Muhamadi bin Abubakar, anayejulikana zaidi kwa jina la Kijumwa, mtu wa Lamu aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945 akiwa mzee sana. Sidai kwamba mmoja alimwathiri mwingine. Blake alikwisha kuzikwa miaka mingi kabla Kijumwa hajazaliwa. Ninachowalinganishia ni hali yao: wote wawili walikuwa washairi na mafundi, na kila mmoja aliishi kwa kazi ya mkono wake.

Tuanze na namna walivyoingia kazini. Baba yake Blake alikuwa na duka la soksi. Alipoona mwanawe anachora kutwa, hakumwambia aache. Alimpeleka shule ya uchoraji akiwa na umri wa miaka kumi, kisha akatafuta fundi. Inasimuliwa kwamba fundi wa kwanza waliyemwendea, Ryland, alikuwa mwenye jina kubwa, lakini mtoto akakataa, akisema uso wa mtu yule ni wa mtu atakayenyongwa. Ryland alinyongwa kweli mwaka 1783, kwa kosa la kughushi. Mwezi Agosti 1772, Blake akiwa na miaka 14, baba akamwandikisha kwa James Basire, fundi wa kuchora picha kwenye mabamba ya shaba. Mkataba ulikuwa wa miaka saba, na ada yake paundi 52 na shilingi 10, iliyolipwa mwanzoni. Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Basire alimtuma mara kwa mara kwenye kanisa la Westminster Abbey, akae peke yake kuchora makaburi ya wafalme wa kale. Ni huko alikojifunza ule mstari mkavu, ulionyooka na usiositasita, ambao baadaye unaonekana katika kila ukurasa wake.

Lamu ya Kijumwa ilikuwa mji wa mafundi. Milango ya nakshi, masanduku, majahazi, khati nzuri za misahafu na tendi, yote yalitoka mikononi mwa watu waliojifunza kwa kukaa karibu na fundi. Katika mwambao wetu mwanafunzi aliingia kwa ahadi na heshima, akatumwa, akafagia, akashika patasi siku aliporuhusiwa. Zawadi kubwa ya fundi ilitolewa mwishoni, mwanafunzi alipohitimu, na iliitwa kilemba. Hapa mila mbili zinatofautiana kwa jambo lenye maana kubwa. London ilidai fedha kwanza, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwa mtoto wa mwenye duka na umefungwa kwa mtoto wa maskini. Mwambao ulidai subira kwanza, na fedha ikafuata kazi ilipoonekana. Wazazi wanaouza shamba leo ili kulipia kozi ambayo mtoto hajawahi hata kuigusa wangefaidika kuukumbuka utaratibu wa kilemba.

Kijumwa hakuwa fundi wa jambo moja. Alikuwa mwandishi wa khati, mchongaji wa mbao, mpigaji muziki na mtunzi. Mtu akitazama haraka atasema alitapanya nguvu zake. Nami naona mkono ule ule ukihama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Anayejua kugawa uso wa mlango kwa nakshi, maua yakajibizana upande huu na upande ule wa mfaa, anajua pia kugawa ukurasa, na anajua kugawa ubeti.

Sasa tuingie dukani. Mwaka 1784, mwaka ambao baba yake alifariki, Blake alifungua duka la picha za kuchapa pamoja na mwenzake James Parker, aliyejifunza naye kwa Basire. Ushirika ule haukudumu. Kilichobaki ni mtambo wa kuchapia, na mke wake Catherine, ambaye siku ya ndoa yao mwaka 1782 alitia alama ya msalaba badala ya sahihi kwa kuwa hakujua kuandika. Blake alimfundisha kusoma, kisha kuchapa na kupaka rangi. Biashara yao ikawa biashara ya watu wawili ndani ya nyumba.

Njia aliyoibuni inastahili kutazamwa kwa karibu. Alichukua bamba la shaba, akaandika shairi na kuchora picha yake moja kwa moja juu ya shaba kwa umajimaji wa vanishi usioliwa na tindikali. Herufi zote aliziandika kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ili zikichapwa zisomeke sawasawa. Kisha akamwagia tindikali. Tindikali ikala shaba iliyo wazi, na maneno yaliyokingwa na vanishi yakabaki yameinuka. Akapaka wino, akapitisha karatasi kwenye mtambo, na mwisho yeye na Catherine wakapaka rangi za maji kwa brashi, ukurasa mmoja mmoja. Hakuna nakala mbili zilizofanana kabisa. Hivyo ndivyo zilivyotoka Songs of Innocence mwaka 1789, na mwaka 1794 kitabu kilichoziunganisha na Songs of Experience.

Mwezi Oktoba 1793 alichapisha tangazo la bei. Songs of Innocence iliuzwa shilingi 5. Wateja walikuwa wachache. Mwaka 1809 alifanya maonyesho ya picha zake katika duka la soksi la kaka yake, kiingilio shilingi 2 na nusu pamoja na kitabu cha maelezo. Watu hawakuja, na gazeti moja likamwita mwendawazimu. Kilichomweka hai ni kazi ya kuchonga picha za watu wengine kwa ajili ya vitabu vya watu wengine, na wateja wawili watatu waliomwamini, kama karani wa serikali Thomas Butts na baadaye mchoraji John Linnell. Hata hivyo, mwaka 1818 alipoulizwa bei kwa barua, kitabu kile cha shilingi 5 alikitaja kwa paundi 3 na shilingi 3, yaani shilingi 63. Katika miaka 25 alipandisha bei zaidi ya mara kumi na mbili, ingawa bado alikuwa maskini. Alikuwa ameielewa biashara yake: nakala moja ilimlia siku nyingi, na atakayeitaka ni yule anayejua anachonunua.

Kijumwa alifuata njia nyingine. Hakuweka mali rafuni akisubiri mnunuzi. Alifanya kazi kwa oda. Katika karne ya 20 miongoni mwa wateja wake walikuwamo wasomi wa Ulaya waliotaka tendi za kale: Alice Werner, ambaye mwaka 1913 alipata kutoka kwake Utendi wa Fumo Liyongo, William Hichens, mhariri aliyechapisha Al-Inkishafi mjini London mwaka 1939, na Mjerumani Ernst Dammann, aliyekaa Lamu katika miaka ya 1930. Barua ikaja na meli, na mzee akaketi na kalamu yake na wino wa rangi. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, akitenganisha vipande vya ubeti kwa alama, na mara nyingine akipamba ukurasa kama anavyopamba ubao. Kisha bahasha ikaondoka Lamu.

Tukizipima biashara hizi mbili, kila moja ina nguvu na upungufu wake. Blake alishika hatua zote za kazi, kuanzia utunzi hadi rangi, na ndiyo maana kila ukurasa una sahihi ya mkono wake. Lakini hakuwa na msambazaji. Mtu mmoja hawezi kuwa kiwanda, duka na tangazo kwa wakati mmoja. Kijumwa alikuwa na wateja wenye uhakika, akapunguza hatari ya mtaji kulala. Lakini wateja wale walikuwa mbali, nao ndio waliokuwa na viwanda vya uchapaji. Miswada mingi iliyoandikwa kwa mkono wa Kijumwa leo imehifadhiwa katika maktaba za Ulaya, ikiwamo ile ya chuo cha SOAS, London. Tushukuru kwamba haikuliwa na mchwa. Lakini tuseme pia kwamba kijana wa Lamu anayetaka kuiona khati ya babu yake katika karatasi yenyewe anahitaji kwanza nauli ya ndege.

Nimeacha mashairi yenyewe kwa makusudi hadi hapa, kwa sababu hayasomeki vizuri bila kuijua karakana.

Shairi maarufu kuliko yote ya Blake ni lile la chui milia, lililomo katika Songs of Experience. Lina beti sita za mishororo minne, na lote ni maswali: nani alimuumba mnyama huyu wa kutisha? Wasomaji wengi huliona kama shairi la dini, na ni kweli. Lakini tazama vifaa anavyovitaja: nyundo, mnyororo, tanuri, fuawe. Mungu wa shairi hili yuko katika karakana ya mhunzi, na anayeuliza ni mtu aliyeshinda mbele ya moto na tindikali, anayejua ugumu wa kutoa umbo ndani ya chuma. Ubeti wa mwisho unarudia ule wa kwanza, ila neno moja tu limebadilika: swali la nani aliyeweza limekuwa swali la nani aliyethubutu. Kwangu hapo ndipo shairi zima linapogeuka. Uwezo ni jambo la mkono. Kuthubutu ni jambo la moyo, na fundi yeyote aliyewahi kufungua duka anaijua nafasi iliyopo kati ya hayo mawili.

Utendi wa Kijumwa nao una kifaa katikati yake. Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Ozi, amefungwa gerezani na sultani, akisubiri kuuawa. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini walinzi hula kilicho kizuri. Liyongo anamtungia Saada wimbo wa fumbo ampelekee mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanauona ule mkate wa makapi, wanaudharau, wanamwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu kabla hajafa, na kelele za ngoma zikipanda, yeye anakata minyororo.

Kwa upande wa umbo mashairi haya mawili yanaachana. Blake anafunga vina kila mishororo miwili, kama nyundo inayopiga na kupumzika. Utendi una vipande vitatu vyenye kina kimoja, na cha nne kinabeba kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti, kama kamba moja iliyopita katika shanga zote. La kwanza linakusimamisha mbele ya jambo moja ulitazame, la pili linakuchukua safari. Lakini yote mawili yanaamini kwamba kazi kubwa inahitaji chombo, na chombo hakipatikani bila mkono uliofundishwa.

Ndiyo sababu siwezi kumwambia kijana achague kati ya kipaji na tumbo. Kisa cha Liyongo kinasema wazi kwamba viwili hivyo husafiri pamoja. Kwa Blake, mkate wa wishwa ulikuwa kuchonga picha za watu wengine. Kwa Kijumwa ulikuwa kunakili tungo za wengine na kuchonga mbao. Aliyewaona juujuu aliona fundi wa kawaida anayetafuta riziki, na hakujua ndani mna nini. Anayetoa nasaha ya kazi aanze kwa kuutazama mkono wa mtoto unakwenda wapi wenyewe, amtafutie fundi, kisha amfundishe kupanga bei kwa siku alizotumia na kuweka oda mbele ya rafu. Mashairi ya kale, ya Kiingereza na ya kwetu, mtoto naye ayasome kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenziwe.

Nilimwambia mama kwamba mjini kuna fundi wa mabango na kadi za harusi anayetafuta kijana mwenye mwandiko mzuri. Alinyamaza kidogo. "Na hayo mashairi, mwalimu?"

Nikamrudisha kwenye kisa cha Liyongo. Walikuwamo sultani, walinzi, Saada na shujaa mwenyewe. Lakini mkate ule, mama, na tupa iliyokuwa ndani yake, ulipikwa na mamake.