Kipepeo wa Roodepoort na watu waliomfuatilia

Magharibi mwa Johannesburg, katika eneo la Ruimsig huko Roodepoort, kuna kipande cha nyasi kilichozungukwa na nyumba. Mgeni akipita anaweza kudhani ni kiwanja ambacho mwenyewe hajapata pesa za kujenga. Kumbe ni hifadhi iliyotengwa kwa ajili ya kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa na kahawia, ambaye mabawa yakikunjuliwa yanafika kama sentimita 3.

Jina lake la kisayansi ni Aloeides dentatis. Swierstra, mtaalamu wa wadudu wa makumbusho ya Transvaal, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1909. Mwaka huohuo, huku kwetu Nairobi, wapenzi wa viumbe waliunda chama ambacho leo tunakijua kwa jina la Nature Kenya. Johannesburg wakati huo ilikuwa na umri wa miaka 23. Dhahabu ilivuta watu, watu wakahitaji nyumba na barabara, na nyasi za nyanda za juu za Highveld zikaanza kuliwa.

Kipepeo huyu hahamishiki kirahisi, kwa sababu anategemea majirani wawili. Wa kwanza ni mmea mfupi unaotambaa, Hermannia depressa. Wa pili ni sisimizi aitwaye Lepisiota capensis. Mchana kiwavi hujificha ndani ya kiota cha sisimizi hao. Usiku hutoka kula majani, wenyeji wake wakimsindikiza. Kwa nini hawamrarui? Mwaka 1983, Stephen Henning alionyesha kuwa kiwavi hutoa harufu inayofanana na ya watoto wa sisimizi. Kwa hiyo wanamlea kama wao.

Mwaka huo pia ndipo kilipoanzishwa chama cha wapenzi wa vipepeo wa kusini mwa Afrika, ambacho baadaye kilipanua jina lake kuwa la Afrika nzima. Humo mtaalamu na mtu wa kawaida mwenye wavu na daftari hukaa pamoja, na kinachohesabika ni kumbukumbu: umeona nini, wapi, siku gani. Katikati ya miaka ya 1980, Halmashauri ya Roodepoort ilitenga eneo la Ruimsig. Mwaka 1989, Stephen na nduguye Graham Henning walitoa kitabu cha orodha ya vipepeo walio hatarini nchini Afrika Kusini.

Kuanzia 2007, kazi ya kukusanya kumbukumbu ilifunguliwa kwa umma. Watu walituma picha za vipepeo waliowaona, zikaunganishwa na kumbukumbu za wanachama na za makumbusho, na mwaka 2013 ikatoka tathmini ya vipepeo wote wa Afrika Kusini, Lesotho na Swaziland.

Hata hivyo, uzio peke yake haumwokoi kipepeo. Nyasi zikiachwa zirefuke, mmea wake hufunikwa na kukosa jua. Ndiyo maana kuchoma nyasi kwa mpango ni sehemu ya utunzaji.

Msomaji, shambani kwako au kando ya njia unayopita kila siku kuna wadudu ambao hakuna aliyewahi kuwaandika. Ukimwona mmoja, mpige picha, kisha andika mahali na tarehe. Hifadhi kama ya Ruimsig inaweza kuanzia hapo.